Jinsi ya kuijua kaunti ya mashambani Marekani ukiwa bado Nairobi

Barua ya kazi ikifika kutoka Marekani, macho ya familia nzima hukimbilia pale palipoandikwa mshahara. Ndivyo tulivyofanya sisi sebuleni kwa mama, Kayole, siku ambayo mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alipata nafasi katika hospitali ya kaunti moja kusini-magharibi mwa jimbo la Kansas. Wakala aliyemtafutia kazi alituambia kwamba jiji kubwa liko karibu, nasi tukadhani ni umbali wa Thika au, kukizidi sana, Nakuru. Jiji lenyewe lilikuwa Wichita. Kutoka hospitalini hadi huko ni kilomita 340 hivi, yaani kama kutoka Nairobi hadi Kisumu, lakini bila basi la usiku, bila kituo cha matatu na bila mtu wa kuchoma mahindi kando ya barabara. Mshahara ulilipwa kama ulivyoandikwa. Kilichomliza kwenye simu wiki ya kwanza ni kwamba hakuwa na gari, na duka la vyakula lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kandokando ya barabara ambayo haikujengwa kwa kumfikiria mtu anayetembea.

Tangu hapo watu kadhaa wa mtaani na wa kanisani wamenijia na barua zao, nami huwaanzisha wote mahali pamoja: kabla ya kuzidisha dola kwa shilingi, pima umbali. Katika kaunti ya mashambani, umbali ndio unaoamua kama mtoto atazaliwa salama, kama mshahara utatosha, na kama utapata mtu wa kuzungumza naye Jumapili. Karibu kazi yote ya kuupima inaweza kufanywa hapa Nairobi, kwa simu yenye intaneti na jioni tatu au nne za utulivu.

Jambo la kwanza ni kulifahamu neno kaunti kama Wamarekani wanavyolitumia, kwa sababu linatudanganya. Sisi tuna kaunti 47, kila moja ina gavana na bunge lake, na hata Lamu, yenye watu wachache kuliko zote, ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Kansas peke yake, jimbo ambalo watu wake wote hawakufika milioni 3 katika sensa ya 2020, ilhali Nairobi tulikuwa tumeshapita milioni 4, imegawanywa katika kaunti 105. Iko kaunti huko Texas, iitwayo Loving, ambayo sensa hiyo iliikuta na watu 64 tu. Gavana wa Marekani ni wa jimbo zima. Kaunti kwa kawaida huongozwa na baraza dogo la makamishna waliochaguliwa, pamoja na sherifu, ambaye katika majimbo mengi naye hupigiwa kura na ndiye mkuu wa usalama nje ya mipaka ya miji. Shule huwa chini ya wilaya za shule zenye bodi zake, na mipaka ya wilaya hizo si lazima ifuate mipaka ya kaunti, kwa hiyo usiulize shule za kaunti zikoje. Uliza nyumba utakayokaa iko katika wilaya gani ya shule.

Hakikisha pia kwamba unayo majina mawili, la kaunti na la jimbo. Kaunti zinazoitwa Washington ziko katika majimbo 30 hivi, na Lincoln na Jefferson nazo ni nyingi vilevile. Kijana mmoja aliniletea kurasa alizochapisha kwenye cyber, zenye maelezo mazuri kabisa ya mahali asipokwenda.

Ukishapata majina, fungua ramani ya mtandaoni na uiweke kwenye picha za setilaiti. Ukitazama Kansas au Nebraska kutoka juu utaona nchi imechorwa kama daftari la hesabu. Hayo ni matokeo ya sheria ya mwaka 1785, iliyoamuru ardhi ya umma ipimwe kwa miraba, na mraba mmoja una upande wa maili moja, yaani kilomita 1.6, na ukubwa wa ekari 640. Barabara nyingi za mashambani zinafuata mistari hiyo. Ndani ya miraba utaona miduara mikubwa ya kijani: hayo ni mashamba yanayonyunyiziwa maji na bomba refu lenye magurudumu, linalozunguka kisima kilicho katikati. Sasa tafuta hospitali au kiwanda utakachofanyia kazi, tafuta nyumba uliyoahidiwa, kisha uhesabu miraba iliyo kati yake. Mimi na mama tulihesabu miraba minne, tukiweka kidole kwenye kioo cha simu. Minne ni kilomita sita na nusu, na kwa mtu anayemaliza zamu usiku wa manane mwezi wa Januari, hizo si kilomita za kutembea.

Fanya hivyo hivyo kwa duka kubwa la vyakula, hospitali yenye wadi ya uzazi, kanisa au msikiti, na uwanja wa ndege. Andika kila umbali kwa kilomita, kisha uandike kando yake safari unayoijua kwa miguu yako au kwa matatu: Githurai hadi mjini, Nairobi hadi Machakos, Nairobi hadi Nyeri. Nambari pekee haishiki akilini. Safari uliyowahi kusafiri inashika.

Suala la hospitali linahitaji jioni nzima. Marekani kuna aina ya hospitali ndogo za mashambani ambazo sheria ya mwaka 1997 ilizitambua rasmi ili zilipwe na serikali kuu kwa namna itakayozisaidia zisifungwe. Moja ya masharti yake ni kwamba zisiwe na vitanda zaidi ya 25, na kwa kawaida ziwe mbali na hospitali nyingine, maili 35 au zaidi. Zinafanya kazi ya maana sana, na nyingi ndizo zinazotafuta wauguzi kutoka kwetu. Lakini mgonjwa aliyezidiwa hutulizwa pale kisha husafirishwa kwa gari la wagonjwa au kwa helikopta hadi hospitali kubwa, na nyingi zimefunga wadi za kujifungulia kwa sababu ya uchache wa akina mama wanaojifungua na uhaba wa madaktari. Kwa hiyo uliza waziwazi: mama mjamzito hujifungulia wapi, na ni mwendo wa saa ngapi? Daktari wa meno yupo? Gari la wagonjwa linaendeshwa na walioajiriwa au na wenyeji wanaojitolea? Katika kaunti nyingi ndogo ni wenyeji, kama walivyo wazima moto, nao hutoka makwao kwanza ndipo waje kwako. Nambari ya dharura ni 911 kila mahali. Bima ya afya nayo uisome kabla ya kusaini, uone inaanza siku gani na kama mke au mume na watoto wamo, kwa kuwa mtu asiye na bima anaweza kuondoka hospitalini na deni la miaka.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Majimbo mengi yameweka kiwango kilicho juu zaidi, lakini Kansas haijaweka. Chuo cha MIT kina kikokotoo cha mtandaoni, cha bure, kinachoonyesha kwa kila kaunti familia ya ukubwa fulani inahitaji kiasi gani kwa nyumba, chakula, usafiri na malezi ya watoto. Andika jina la kaunti yako na ulinganishe na barua ya kazi. Angalia hasa mstari wa usafiri, ambao Mnairobi huudharau. Mashambani kodi ya nyumba huwa nafuu kuliko mjini, lakini gari, bima yake na mafuta hula unafuu huo, na nyumba yenye watu wazima wawili wanaofanya zamu tofauti huhitaji magari mawili.

Zaidi ya mshahara, chunguza ni nani anayewaajiri watu wa kaunti hiyo. Mji wa Lexington, katika kaunti ya Dawson, Nebraska, una watu 10,000 na ushee, na kiwanda chake cha kuchinja na kufungasha nyama ya ng'ombe kiliwaajiri watu wapatao 3,200, wakiwemo wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati na kutoka Somalia. Mnamo Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kwamba ingekifunga mwezi wa Januari uliofuata. Fikiria mji ambao karibu kila nyumba inamtegemea mwajiri huyo mmoja, kisha nyumba zote zikatakiwa kuuzwa majira yaleyale. Sisemi usiende mahali kama hapo. Kaunti ya Finney, Kansas, ambako kuna mji wa Garden City, imeishi kwa viwanda vya nyama tangu miaka ya 1980 na imewapokea watu wa mataifa mengi. Ninachosema ni kwamba katika mji wa mwajiri mmoja, usinunue nyumba mwaka wa kwanza, na weka akiba ya kukuhamisha.

Takwimu za watu utazipata bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa ya Marekani. Kwa kaunti ndogo tumia makadirio ya miaka mitano, maana ya mwaka mmoja hayatolewi kwa mahali penye watu wachache. Tazama kama watu wanaongezeka au wanapungua tangu 2010, umri wao wa kati ni upi, na ni wangapi waliozaliwa nje ya nchi. Wizara ya Kilimo ya huko nayo huzipanga kaunti zote kwa daraja kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 hadi 3 ziko ndani ya maeneo ya miji mikubwa, na kadiri namba inavyokaribia 9 ndivyo mahali palivyo pa mbali.

Takwimu, hata hivyo, hazikupi sauti ya mahali. Ukitaka kuisikia, tafuta gazeti la kaunti, ambalo mara nyingi hutoka mara moja kwa wiki, na ulisome kwa mwezi mzima, matangazo yake yote. Nimeliona hili likiwafaa watu kuliko ushauri wa wakala yeyote. Katika matangazo ya vifo utajua familia zilizokaa pale kwa vizazi na makanisa wanayozikiwa. Katika taarifa za sherifu utaona kama usiku wao una wizi wa kutumia nguvu au una ng'ombe waliovunja ua na kutoka barabarani. Matangazo ya mnada yatakuonyesha ni nani anauza shamba, na ukurasa wa michezo utakueleza kwa nini Ijumaa jioni za vuli mji mzima huwa kwenye uwanja wa shule. Soma pia kumbukumbu za vikao vya makamishna, ambazo kaunti nyingi huziweka mtandaoni. Ukikuta wanajadili kwa miezi kama hospitali iendelee kupewa pesa za kodi, hilo ni jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja.

Kisha piga simu. Mpigie mwajiri, halafu umpigie mhudumu wa maktaba ya mji, ambaye kwa kazi yake amezoea kuulizwa maswali na ataujua mji vizuri. Kumbuka saa: sehemu kubwa ya Kansas iko nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi, na saa nane kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa sababu wao husogeza saa. Saa tatu asubuhi yao mwezi wa Januari ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Na wakikupa tarehe kwa namba, mwezi hutangulia siku. 3/4 ni tarehe nne Machi.

Nyumba usiikubali kwa picha za sebule peke yake. Nje ya mji, maji huenda yakatoka kwenye kisima cha nyumba yenyewe, maji taka yakaenda kwenye tangi lililozikwa uani, na gesi ya kupasha nyumba joto ikaletwa na lori hadi kwenye tangi kubwa jeupe kando ya nyumba. Uliza nani hulipa lori hilo, kwa sababu kujaza tangi mara moja kunaweza kumeza sehemu nzuri ya mshahara. Stima mara nyingi hutoka kwa ushirika unaomilikiwa na wateja wenyewe, jambo ambalo mwanachama wa sacco atalielewa haraka. Ni ya volti 120, nusu ya yetu, kwa hiyo pasi na birika la hapa yaache hapa. Ukionyeshwa nyumba ya bei nafuu iliyoundwa kiwandani na kuletwa kwa lori, uliza jambo moja zaidi: watu hukimbilia wapi tornado, yaani kimbunga cha upepo unaozunguka kwa nguvu, inapokuja? Nyumba za aina hiyo hazihimili upepo huo, na anayekaa humo anapaswa kuondoka mapema. Jifunze tofauti ya matangazo mawili: la kwanza husema hali ya hewa inaweza kuleta tornado, la pili husema imeonekana au imenaswa na rada, na hilo likitolewa unaingia chumba cha chini ya ardhi au cha ndani kabisa kisicho na dirisha, papo hapo.

Baridi nayo si ya Limuru. Vipimo vyao ni vya Farenhaiti: 32 ndiyo nyuzi sifuri zetu, maji yanapoganda, na sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri kwetu. Koti la Gikomba linaweza kufaa ikiwa ni zito kweli, lakini viatu nunua huko. Nami naomba jambo moja kwa moyo wote: usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba wala gereji, hata stima ikipotea usiku kucha. Nyumba zao zimezibwa kuzuia baridi, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Weka kifaa cha kuigundua karibu na mahali unapolala.

Nimechelewa kulitaja gari, ilhali ndilo ningetaka ulianze leo. Ikiwa hujui kuendesha, jifunze kabla hujaondoka, uzoee usiku na uzoee mwendo mrefu. Huko ni upande wa kulia wa barabara. Kila jimbo lina sheria yake kuhusu muda ambao leseni ya Kenya inakubalika, kwa hiyo isome tovuti ya jimbo lako na uanze kujifunza kitabu chake cha udereva, ambacho hupatikana bure. Mambo mawili yatakuwa mageni kwako. Basi la shule la manjano likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari ya pande zote mbili husimama kwenye barabara ya kawaida, hata kama haraka yako ni kubwa kiasi gani. Na kuanzia Oktoba hadi Desemba, majira ya kujamiiana kwao, kulungu huvuka barabara jioni na alfajiri. Ukimwona mmoja punguza mwendo, kwani mara nyingi yuko wa pili nyuma yake. Wakati wa theluji usiruhusu mafuta yashuke chini ya nusu ya tangi, na uweke blanketi, maji na tochi garini. Ukikwama, kaa ndani ya gari usianze kutembea, na kabla ya kuwasha injini ondoa theluji kwenye bomba la moshi.

Sasa watu. Mgeni ni kuku mweupe, na katika mji wa watu 2,000 weupe huo unaonekana kutoka mbali. Wiki ya pili karani wa posta atakuwa anakujua jina. Madereva watakuinulia kidole kimoja juu ya usukani wanapopishana nawe kwenye barabara ya changarawe. Hiyo ni salamu, nawe mrudishie. Usikatize shambani kwa mtu kama tunavyokatiza kwetu. Bunduki ziko katika nyumba nyingi, na katika majimbo kama Missouri na Texas rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye mti au nguzo ina uzito wa kisheria wa kibao cha kukataza watu kuingia. Ukiwa na shida, fuata njia ya gari hadi mlangoni, mchana, ubishe hodi na urudi nyuma hatua mbili. Mdogo wangu alianza kuzoeleka siku alipopeleka chapati kwenye mlo wa kanisa ambao kila familia huja na sahani yake. Mpaka hapo watu walikuwa wakimwonea haya kama yeye alivyowaonea. Mwezi wa Julai au Agosti kuna maonyesho ya kilimo ya kaunti, ambayo Mkenya aliyewahi kufika Jamhuri Park atayafahamu mara moja. Nenda, hata kama huna mifugo.

Na chakula. Unga wa mahindi unaouzwa huko mara nyingi ni wa njano na wa chenga, kwa hiyo tafuta ule mweupe uliosagwa laini. Ule ulioandikwa masa usiununue kwa ugali, kwa sababu mahindi yake yamechemshwa na chokaa na hausongeki kama wetu. Sukuma wiki iko: wao huiita collards, na katika majimbo ya kusini imo katika kila duka. Kwingine itabidi uipande mwenyewe. Usibebe mbegu kutoka hapa, kwani zitachukuliwa uwanja wa ndege zisipokuwa na cheti cha afya ya mimea. Nunua pakiti huko huko. Kisha ingia ofisi ya ugani ya kaunti, ambayo ipo karibu kila kaunti tangu sheria ya mwaka 1914 ilipouanzisha mpango huo, umuulize afisa ni tarehe gani baridi ya mwisho ya kugandisha mimea hupita pale. Atakupa tarehe yenyewe, na huenda akakupimia udongo kwa ada ndogo.